Medina ya Kiaramu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu "Wilaya" ya Danieli na Ezra

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Biblia, wafasiri, walimu wa historia, na yeyote aliyewahi kukutana na neno medina katika maandishi ya Kiaramu akabaki anajiuliza: ni mji, ni mkoa, au ni nchi nzima? Baadhi ya majibu ni marefu kwa kuwa mambo yenyewe ni mengi. Mengine yanaisha kwa mistari michache.

Medina maana yake nini hasa?

Katika Kiaramu cha zama za Waajemi, medina ni eneo la utawala: sehemu ya dola yenye mkuu wake, mahakimu wake na watoza kodi wake. Mzizi wa neno ni herufi tatu, d-y-n, zinazobeba maana ya kuhukumu au kuamua kesi. Silabi ya me- mwanzoni ndiyo inayotengeneza jina la mahali. Kwa hiyo medina ni mahali ambapo hukumu ya mtu fulani inasikilizwa na kufuatwa.

Kutoka mzizi huohuo yametoka dina, yaani hukumu, na dayyan, yaani hakimu. Hata jina la Danieli limo humo, kwani maana yake ni "Mungu ni hakimu wangu". Na katika Ezra 7:25, mfalme Artashasta anapomwagiza Ezra aweke watu wa kuamua kesi za wakazi wote wa ng'ambo ya Mto (Frati), neno linalotumika kwa hao waamuzi ni dayyanin.

Ukishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya ukurasa huu itakuwa nyepesi kwako. Medina haipimwi kwa maili. Inapimwa kwa kuuliza nani anaamua kesi hapa, na kodi ya hapa inapelekwa kwa nani.

Mbona mara naona medina, mara medinat, mara medinta?

Ni neno lilelile katika sura tatu. Medina ni wilaya, wilaya yoyote. Medinat hutumika linapofuatwa na jina jingine, kama medinat Babel, wilaya ya Babeli. Medinta ni wilaya ile inayojulikana, kwa sababu Kiaramu huweka alama ya "ile" mwishoni mwa neno. Wingi wake ni medinan, na "zile wilaya" ni medinata.

Linapatikana wapi katika Biblia?

Sehemu za Biblia zilizoandikwa kwa Kiaramu ni chache: Danieli kuanzia katikati ya 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, Ezra 4:8 hadi 6:18, Ezra 7:12 hadi 26, mstari mmoja wa Yeremia (10:11), na maneno mawili katika Mwanzo 31:47. Medina limo katika Danieli na Ezra. Nebukadreza anampa Danieli mamlaka juu ya wilaya yote ya Babeli (2:48), na sanamu ya dhahabu inasimamishwa uwanda wa Dura, katika wilaya hiyohiyo (3:1).

Kiebrania nacho kilikuwa na neno hilo na kulitumia kwa maana ileile, ndiyo maana limejaa katika kitabu cha Esta, na linaonekana pia katika Nehemia na sehemu za Kiebrania za Ezra.

Lakini kwa Kiarabu madina ni mji. Je, medina ya Danieli si mji pia?

Hapana, na ushahidi uko wazi. Soma Ezra 4:15, barua ya malalamiko aliyopelekewa mfalme kuhusu Yerusalemu. Waandishi wanasema kwamba mji huu ni mji mwasi, unaowatia hasara wafalme na wilaya. Katika maneno ya Kiaramu, "mji" ni qirya, na "wilaya" ni medinan. Maneno yote mawili yamo katika sentensi moja. Kama medina ingekuwa mji kwa mwandishi huyo, asingehitaji neno la pili. Yerusalemu kwake ni qirya, na eneo linaloizunguka ndilo medina.

Maana ya mji ilikuja kwa hatua. Palipo na hakimu, mkuu na ghala la kodi, watu hukusanyika. Kadiri karne zilivyopita, neno la eneo likahamia kwenye makao makuu ya eneo. Katika Kisiria, ambacho ni Kiaramu cha Wakristo wa Mashariki, neno bado linaandikwa mdinta, lakini n haitamkwi tena, na maana yake ya kawaida ni mji. Katika Peshitta, Biblia ya Kisiria, Luka 1:26 inaiita Nazareti kwa neno hilo, ijapokuwa Nazareti haikuwa na liwali wala ghala la mfalme. Hadi hapo, neno lilikuwa limeshaachana na ofisi.

Mishna ya Wayahudi, yaani sheria zao za mdomo, iliyokusanywa mnamo mwaka 200 BK, inaonyesha hali ya katikati. Inapozungumzia kupiga baragumu siku ya mwaka mpya inapoangukia Sabato, inatenganisha kati ya Hekalu na "medina", yaani mahali pengine nje ya Hekalu. Kwingineko inasema "medina ya bahari" ikimaanisha nchi za ng'ambo. Hakuna mji hata mmoja katika msemo huo wa pili.

Medina moja ilikuwa na ukubwa gani?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi, na kosa la kawaida ni kutafuta kipimo kimoja. Hakipo.

Upande mmoja kuna Ezra 6:2. Hati ya mfalme Koreshi inapatikana Akmetha, ngome iliyo katika "Madai medinta". Umedi ulikuwa nchi kubwa ya milima iliyowahi kuwa ufalme wenyewe, na hapa inaitwa medina. Upande wa pili kuna Yehud, vilima vinavyoizunguka Yerusalemu, eneo dogo ambalo mtu angeweza kulivuka kwa miguu kwa siku chache. Nalo ni medina katika Ezra 5:8.

Halafu kuna barua ambayo binafsi naiona kuwa ushahidi mzuri kuliko yote. Imeandikwa kwa wino juu ya ngozi, na leo iko katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, pamoja na barua nyingine za Arshama. Huyu Arshama alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na ndiye aliyeitawala Misri kwa niaba ya mfalme katika nusu ya pili ya karne ya 5 KK. Akiwa mbali upande wa mashariki, anamtuma msimamizi wake Nehtihor aende Misri, na anamkabidhi barua ya kuwaonyesha maofisa wa njiani. Inataja vituo kimoja baada ya kingine, Arbela na Damasko zikiwa miongoni mwake, na majina ya maofisa wa kila kituo.

Yaliyomo ni mambo ya posho. Wampe Nehtihor unga wa aina mbili, mvinyo au pombe, na kondoo mmoja, kila siku. Watumishi wake wapewe unga kipimo kimoja kila mtu, na farasi wapewe majani. Posho hiyo itolewe kutoka katika mali ya Arshama iliyoko "katika medina zenu", kila ofisa kwa zamu yake, "kutoka medina hadi medina", mpaka msafiri afike Misri. Na linafuata onyo ambalo kila mhasibu wa serikali atalielewa: akikaa mahali pamoja zaidi ya siku moja, asipewe posho ya ziada kwa siku hizo.

Tazama kilichotokea hapa. Medina za barua hii ni maeneo ya ofisa mmojammoja, yanayopangana kandokando ya barabara kuu kama vituo vya safari, kila moja ikiwa na mji wake katikati. Msafiri anaruka kutoka Arbela na viunga vyake kwenda kituo kinachofuata na viunga vyake. Hapo ndipo tunapoona jinsi "eneo la ofisa" lilivyoweza kugeuka polepole kuwa "mji wa ofisa" vinywani mwa watu.

Je, medina ni sawa na satrapi?

Si lazima. Satrapi ni eneo la mtawala mkubwa wa mfalme aliyeitwa satrapa, na cheo hicho ni neno la Kiajemi cha kale lenye maana ya mlinzi wa ufalme. Kiaramu kiliandika cheo hicho ahashdarpan. Chini yake walikuwapo wakuu walioitwa peha, neno lililochukuliwa kutoka Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru.

Esta 3:12 inaupanga utawala huo kwa ngazi: barua zinapelekwa kwa maahashdarpan wa mfalme, kwa mapeha waliowekwa juu ya kila medina, na kwa wakuu wa kila kabila. Kwa mpangilio huu, medina ni eneo la peha, na satrapi iko juu yake. Hata hivyo Umedi, tulivyoona, uliitwa medina. Kwa hiyo usijenge nadharia nzito juu ya ngazi hizi. Makarani wa zamani walijua wanachozungumzia bila kuhitaji jedwali.

Herodoto anasema mikoa 20, Esta inasema 127. Nani ana haki?

Wanahesabu vitu tofauti. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, anaorodhesha maeneo 20 ya kodi ya Dario wa Kwanza, kila moja na kiwango chake: Babeli na Ashuru talanta 1,000 za fedha, Misri 700, na eneo la tano, lenye Foinike, Shamu ya Palestina na Kipro, talanta 350. Dario mwenyewe, katika maandishi aliyochonga kwenye mwamba wa Bisutun huko Iran, anataja nchi 23. Hizo zote ni sehemu kubwa. Esta inahesabu medina, zilizo ndogo zaidi, kutoka Bara Hindi hadi Kushi. Mtu anaweza kujadili kama 127 ni hesabu ya ofisi au ni namna ya msimulizi ya kuonyesha ukuu wa mfalme, lakini kuiweka kando ya 20 na kusema mmoja amekosea ni kulinganisha mikoa na wilaya.

Yehud Medinta ni nini?

Ni jina la wilaya ya Yuda chini ya Waajemi, kama linavyosomeka katika Ezra 5:8. Koreshi aliiteka Babeli mwaka 539 KK, na nchi zote za magharibi ya Frati zikaingia mikononi mwake. Eneo hilo kubwa liliitwa kwa Kiaramu Abar Nahara, "ng'ambo ya Mto", na Yehud ilikuwa ndani yake. Tatenai, anayekuja kukagua ujenzi wa Hekalu katika Ezra 5, ndiye mkuu wa ng'ambo ya Mto. Jina lake limeonekana pia katika kibao cha udongo cha Babeli cha mwaka 502 KK, akiwa na cheo hichohicho. Naye anapoandika taarifa yake kwa Dario, anasema: tulikwenda Yehud Medinta. Ni lugha ya ofisa aliyetoka makao makuu kwenda kukagua wilaya iliyo chini yake.

Wilaya hii imeacha alama zinazoshikika. Mamia ya vishikio vya mitungi vimechimbuliwa vikiwa na muhuri wa herufi za Yehud, vingi zaidi huko Ramat Rahel, kusini kidogo mwa Yerusalemu ya kale. Wachunguzi wengi wanaamini mitungi hiyo ilibeba mvinyo na mafuta ya kodi. Baadaye, katika karne ya 4 KK, zikatoka sarafu ndogo mno za fedha zenye jina hilohilo, nyingine zikiwa na picha ya bundi au ya yungiyungi.

Kuna pia barua ya mwaka 407 KK. Wayahudi waliokuwa askari wa Uajemi katika kisiwa cha Elephantine, ndani ya Nile karibu na Aswan, walikuwa wamevunjiwa hekalu lao miaka mitatu kabla. Wakamwandikia Bagohi, "peha wa Yehud", wakiomba awasaidie lijengwe upya. Wanamweleza kwamba wamewaandikia vilevile wana wa Sanbalati, "peha wa Samaria".

Jina hilo la mwisho linabadilisha namna ya kusoma kitabu cha Nehemia. Huko Sanbalati anaonekana kama mchokozi tu, Mhoroni anayedhihaki ukuta. Barua ya Elephantine inatuambia alikuwa mkuu wa wilaya jirani. Nehemia alipofika mwaka 445 KK na kuanza kujenga, ugomvi ulikuwa kati ya watawala wa medina mbili zinazopakana, kila mmoja akiangalia mamlaka yake yanafika wapi.

Huko Misri nako walitumia neno hili?

Ndiyo. Hati za Elephantine zinataja medina ya Tshetres, jina la Kimisri lenye maana ya wilaya ya kusini. Zinataja pia waandishi wa medina, yaani makarani wa wilaya.

Kwa Kiswahili tulifasiri wilaya, mkoa au jimbo?

Biblia ya Kiswahili ya Union imetumia "wilaya" katika Danieli na "majimbo" katika Esta, ingawa neno la asili ni moja. Msomaji wa kawaida hawezi kujua kwamba wilaya ya Shadraka na majimbo ya Ahasuero ni medina ileile, na kwangu hiyo ni hasara.

Kila neno lina mzigo wake. "Jimbo" kwa Mtanzania wa leo ni mahali pa kumchagua mbunge, na kwa Mkatoliki ni eneo la askofu. Kwa Mkongomani ni mkoa mkubwa, mmoja wa ile 26 iliyopo tangu 2015. "Mkoa" unamfaa Mtanzania kwa Umedi lakini ni mkubwa mno kwa Yehud, na nchini Kenya mikoa ya zamani imepisha kaunti 47 zilizoletwa na Katiba ya 2010.

Mimi nasimama na "wilaya". Ina ukubwa wa kati, inaeleweka Afrika Mashariki yote, na asili yake ya Kiarabu, wilaya, ni mamlaka ya mtu aliyekabidhiwa kusimamia. Haina undugu wa mzizi na medina, lakini inafikiri kwa njia ileile: eneo linatajwa kwa mamlaka iliyopo juu yake. Oman hadi leo imegawanywa katika mikoa, na kila mkoa katika wilaya, kila wilaya na wali wake.

Basi peha naye tumwite nani?

Liwali. Ni huyo wali wa Kiarabu aliyeingia katika Kiswahili pamoja na kiambishi chake al-. Wazee wa Lamu, Malindi na Mombasa wanalijua vizuri, maana maliwali wa Sultani wa Zanzibar waliamua kesi na kusimamia ushuru wa pwani, kazi zilezile za peha. Union imelitumia mahali pazuri kabisa: Nehemia 5:14, pale Nehemia anaposema kwamba kwa miaka 12 yeye na ndugu zake hawakula "chakula cha liwali". Mstari unaofuata unaeleza maliwali waliomtangulia walivyowalemea watu, wakichukua chakula na mvinyo, pamoja na shekeli 40 za fedha. Ukiweka "gavana" hapo, msomaji wa Kenya atamwona mtu aliyepigiwa kura. Nehemia aliteuliwa na mfalme.

Madina ya Mtume ina uhusiano na neno hili?

Ndiyo. Mji wa Yathrib, baada ya Hijra ya mwaka 622, ulijulikana kama Madinat an-Nabi, mji wa Mtume, kisha Madina tu. Katika Qur'ani neno linatumika pia kama jina la kawaida la mji, kwa mfano wanawake wa mjini katika Sura Yusuf, na wingi wake, mada'in, katika kisa cha Firauni anayetuma wakusanyaji kwenda miji yote. Wanalugha wa Kiarabu wa zamani walijadiliana kama neno linatoka m-d-n, kukaa mahali, au d-y-n. Wataalamu wa lugha za Kisemiti leo wengi wao wanaliona kuwa limeingia katika Kiarabu kutoka Kiaramu, likiwa limeshabeba maana ya mji.

Na dini, deni, utamaduni?

"Utamaduni" umetoka kwa Kiarabu tamaddun, ambalo limejengwa juu ya madina: kuishi maisha ya mjini, kustaarabika. Kwa hiyo kila anayetamka "Wizara ya Utamaduni" anatamka mjukuu wa neno la makarani wa Uajemi. "Deni" ni Kiarabu dayn, la mzizi d-y-n. "Dini" ina historia yenye matawi: kwa maana ya hukumu na malipo, kama katika "yaumi d-din" ya Sura al-Fatiha, iko karibu sana na dina ya Kiaramu. Kwa maana ya imani, wanazuoni wengi huihusisha pia na den ya Kiajemi.

Kwa Kiebrania cha leo medina ni nini?

Ni dola. Jina rasmi la Israeli tangu 1948 ni Medinat Yisrael. Usilirudishe maana hiyo katika Esta au Ezra. Yehud haikuwa dola, ilikuwa wilaya inayolipa kodi.

Kuna watu wanaolisema bado kwa Kiaramu?

Wapo. Wakristo Waashuri na Wakaldayo wa Iraq na kwingineko, pamoja na wale wa Tur Abdin huko Uturuki, wanasema lahaja za Kiaramu ambamo neno hili, likiwa limefupishwa kidogo, ni mji.

Nianze kusoma wapi?

Anza na Ezra sura ya 4 hadi ya 6 kwa mkupuo mmoja, kwa Kiswahili. Ni nyaraka za serikali: malalamiko, majibu, taarifa ya ukaguzi, na hati iliyotafutwa ghalani Babeli ikapatikana Akmetha. Kila unapokuta mkuu fulani, andika pembeni jina lake na eneo lake. Kisha soma Nehemia 2 hadi 6 ukiwa na karatasi hiyohiyo, na umwandike Sanbalati kwa cheo chake: liwali wa Samaria.